Mtoto wa Watu

Kwenye kipindi cha safari nilizungumza dakika tano tu kuhusu Tanga, kisha tukahamia habari za tiketi rahisi. Baadaye watu wakaniuliza: sasa yule mama wa machungwa ilikuwaje? Na ile leso ilifika? Haya basi, leo naisimulia yote, kwa Kiswahili changu hiki hiki cha Hounslow, cha jikoni kwa mama na cha kwenye simu na bibi. Ukikuta neno la Mombasa mahali ulipozoea la Dar, nivumilie, tutaelewana.

Kwanza neno lenyewe. Huku tulikokulia, kusafiri peke yako ni sifa. Unapigwa picha mgongo, unatazama bahari, watu wanakupa hongera, ati una ujasiri. Sasa jaribu kusema hivyo kwa Kiswahili mbele ya mtu mzima: "Nasafiri peke yangu." Hongera hupati. Atakutazama juu mpaka chini, atasema, "Peke yako? Kwani huna watu?" Na kabla hujajibu ameshaanza kufikiria akukabidhi kwa nani. Mimi nilikwenda Tanga peke yangu, na mpaka leo nikihesabu, sioni saa moja nzima ambayo kweli nilikuwa peke yangu.

Aliyenituma ni bibi. Bibi yangu anakaa Mombasa, Mji wa Kale, na alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeolewa Tanga mwaka 1971. Mume alikuwa karani bandarini kule. Siku hizo kwenda Tanga ilikuwa kama kwenda mtaa wa pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwapo tangu 1967, na nchi tatu zilikuwa na reli moja, posta moja na shirika moja la ndege. Mpaka ulikuwapo, ndiyo, lakini ulikuwa mstari wa watu wengine: Waingereza na Wajerumani waliukubaliana 1886, wakauanzia pwani kwenye mdomo wa Mto Umba, wakauvuta mpaka Ziwa Victoria, ukipinda mahali pamoja kuuzunguka Kilimanjaro. Wadigo wakajikuta wako pande zote mbili bila kuulizwa.

Halafu Jumuiya ikavunjika. Mwaka 1977 Tanzania ikaufunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa mpaka 1983. Mama yao, yaani mama wa bibi, alifariki 1979, katikati ya miaka hiyo. Mdogo mtu hakuwahi maziko. Habari ilimfikia kwa barua, wiki kadhaa zimeshapita, akaisoma uani kwake, peke yake, mume yuko kazini. Bibi hataji siasa za wakati ule hata kidogo. Anataja barua tu. "Aliisoma peke yake," ndivyo anavyosema, na hapo habari imekwisha.

Mpaka ulipofunguliwa walitembeleana sana. Kisha umri ukaingia, miguu ikagoma, ikabaki simu. Kisha simu nayo ikanyamaza. Namba haipatikani, mwezi, mwaka, mwaka wa pili. Mume alikuwa ameshafariki na watoto hawakujaliwa. Nilipofika Mombasa Agosti 2023, bibi akafungua kabati, akatoa doti moja ya leso, mpya, haijakatwa, akaniwekea mapajani. "Wewe una miguu. Mpelekee. Mwambie ni mimi."

Nikamuuliza, anakaa wapi hasa?

"Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, karibu na msikiti."

Ni hivyo tu, bibi? Hakuna namba ya nyumba?

"Ndia ni watu, mwanangu. Uliza."

Ndia ni njia. Bibi ni wa Kimvita kabisa: njia kwake ni ndia, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele. Na hilo la kuuliza alilisema kirahisi, kama mtu anayekwambia vaa viatu. Kwa sisi wa huku si rahisi hivyo. Tumelelewa kutazama ramani kwenye simu mpaka chaji iishe kuliko kumsimamisha mtu njiani. Na kuulizwa ndiko kugumu zaidi.

Maana basi lilipovuka Likoni na kushika barabara ya kusini, kabla hata hatujafika Ukunda, mama niliyekaa naye alikuwa ameshaniuliza kila kitu. Naitwa nani. Mtoto wa nani. Natoka wapi. London sehemu gani. Nafanya kazi gani. Nimeolewa au bado, na kama bado, kwa nini.

Wewe unayesoma hapa najua umeshakaza mabega. Wengi wetu swali la "unatoka wapi" tumelipata shuleni na kazini kwa namna ileile: unajibu Hounslow, unaambiwa hapana, kwenu hasa ni wapi. Huku swali hilo mara nyingi linakutoa nje ya mlango. Lakini nilimsikiliza yule mama, na yeye alikuwa akihangaika kuniingiza. Nilipomwambia bibi yangu ni wa Mji wa Kale, akauliza mtaa gani. Nikamtajia. Akataja fundi cherehani mmoja wa mtaa huo, nikasema huyo ndiye aliyemshonea mama nguo ya harusi. Akashusha pumzi, akaegemea kiti, akatoa kisu kidogo mfukoni akanimenyea chungwa. Nilikuwa nimeshapata mahali pa kuwekwa.

Mwenyewe alikuwa mtu wa Muheza, kule Tanga, na biashara yake ni machungwa. Anayapeleka Mombasa, soko la Kongowea, anayauza, anarudi na magunia matupu. Mpaka huu kwake ni kazi ya kila wiki. Alinisimulia bei za msimu, madalali, na watoto wake wanne, tukapita Msambweni, tukapita Ramisi, mpaka Lunga Lunga. Ni kama kilomita 100 kutoka Mombasa.

Mpakani kila pasi na foleni yake. Watanzania na Wakenya wakapita haraka. Mimi na pasi yangu ya Uingereza: kadi ya njano ya chanjo, fomu, alama za vidole, dola 50 za viza, na mbele yangu kundi la watalii na kofia zao. Binamu zangu wa Mombasa wangepita hapo bila kulipa viza. Pasi haiulizi bibi yako ni nani.

Nilipotoka na mihuri yangu, basi halipo.

Basi lenyewe silitaji. Lilikuwa limeondoka. Begi langu lilikuwa ndani yake, na doti ya leso ilikuwa ndani ya begi. Saa saba mchana, jua la utosi, vijana wa kubadilisha pesa wananiita "dada, dada". Simu yangu ilikuwa na laini ya Kenya, haisomi kitu. Koo ilinikauka, wallahi.

Ndipo nikasikia, "We mwana wa London!"

Yule mama alikuwa chini ya mwarobaini, amekalia begi langu, magunia yake kando.

Kumbe dereva alikataa kusubiri. Mama akagomba, abiria wawili watatu wakamuunga mkono, dereva akawasha gari. Basi akamwambia: kama ni hivyo nishushe na mimi, na huo mzigo wa mtoto ushuke. Nauli yake alikuwa ameshalipa mpaka Tanga. Nilipoanza kumshukuru, hata sijui kwa maneno gani, akanikatiza kana kwamba nimeuliza jambo la kipuuzi: "Ningekuachaje, mtoto wa watu?"

Mtoto wa watu. Neno hili nililijua. Mama hulisema sebuleni kwetu mbele ya taarifa ya habari, mtu akipatwa na jambo: "Masikini, mtoto wa watu." Nililichukulia kama njia nyingine ya kusema pole. Pale mpakani ndipo nilipolisikia vizuri. Hao "watu" hawana jina. Mama wa machungwa hakumjua baba yangu wala mama yangu. Lakini alijua kwamba sikuota mtini, kwamba mahali fulani wako watu wanaonisubiri, na likinipata jambo limewapata wao. Mimi hakunijua kiasi cha kunipenda, tulikuwa tumejuana saa tatu. Aliwaonea haya watu wangu. Wema wake ulikuwa unapita kwangu tu, unaelekea kwa bibi.

Nikataka kumlipia nauli ya pili. Akakataa. Nikashikilia. Akasema haya, ninunulie soda. Nikamnunulia soda.

Kutoka Horohoro mpaka Tanga mjini ni kilomita 65 za lami. Tulipata Hiace, tukabanana watu kama dagaa, na mama akatoa taarifa kwa gari zima: huyu ametoka London, bibi yake wa Mombasa amemtuma Ngamiani, anapeleka... Unapeleka nini mwanangu?

"Leso," nikasema.

Kimya kidogo, halafu kicheko. Dada mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Yaani umetoka Ulaya kutuletea leso? Sisi hatuna za kupengea kamasi?" Kumbe kwao leso ni kitambaa cha mfukoni. Ile nguo ya mama zetu, ambayo Mombasa ni leso, ukivuka Horohoro inakuwa kanga. Hapo hapo nikafundishwa na mengine: tuktuk ni bajaji, matatu ni daladala. Mzee mmoja akaniambia nisione haya, Kiswahili changu ni cha bibi, na cha bibi ni kizuri. Nikakaa kimya muda, manake Kiswahili changu nimezoea kukiombea radhi.

Kisha likaja swali kubwa. Mama akauliza, "Unafikia kwa nani?"

Nikasema nimeona gesti moja kwenye simu.

Ungesikia gari zima! Gesti? Mtoto wa kike, peke yake, na bibi yake ana ndugu mjini? Wakaanza kujadili kana kwamba mimi simo. Mmoja anamjua mtu wa barabara ya tisa. Mwingine anasema barabara ya kumi na mbili misikiti ni zaidi ya mmoja, muulizeni uko upande gani. Mitaa ya Ngamiani inaitwa kwa namba, kwa hiyo ukipata namba umepata nusu ya jibu. Nusu ya pili, kama alivyosema bibi, ni watu.

Stendi mama hakunipungia mkono akaenda zake. Alimchagua dereva wa bajaji, akapita watatu, akasimama kwa wa nne, kijana mpole. Akampiga picha, akapiga picha na namba ya bajaji yake. "Nakukabidhi huyu. Ni amana. Mtoto wa watu, na namba yako ninayo." Kisha akanigeukia akanipa machungwa manne. Wema wa Tanga una macho, tusidanganyane. Haumwamini kila mtu. Ndiyo maana unakukabidhi, haukuachi tu.

Tulifika barabara ya kumi na mbili wakati wa alasiri. Wazee walikuwa barazani, wametoka kuswali. Nikashuka, nikaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, nikataja jina la bibi mdogo.

Hakuna aliyejibu. Mzee mmoja akasogea, akapapasa nafasi pembeni yake. "Karibu ukae kwanza, mwanangu."

Akamtuma mtoto akamwite mkewe. Maji yakaja. Ikaja chai ya rangi. Yule kijana wa bajaji akazima injini, akakaa na yeye kwenye ngazi, hakuulizia pesa. Nadhani nilijua tangu yalipokuja maji. Kama bibi mdogo angekuwapo, wangeninyooshea kidole tu: nyumba ile pale.

Mke wa mzee akaja akifunga kanga, akaketi, akanishika mkono. "Wewe ni wa Mombasa, kwa dada yake?"

"Mjukuu wa dada yake."

"Alikuwa akimtaja kila siku. Mwanangu, bibi yako ametangulia. Mwaka juzi, mwezi wa Shaabani."

Mimi nilikuwa na neno "kufa" na neno "kufariki". Hili la tatu lilinichukua nukta moja nzima. Ametangulia wapi? Kisha likafika.

Wakanieleza taratibu. Aliugua kama wiki mbili. Wanawake wa mtaa walipeana zamu za usiku. Alipofariki, huyu huyu aliyenishika mkono ndiye aliyemuosha. Walitafuta namba ya Mombasa kwenye daftari lake, wakapiga, haipatikani, wakapiga tena kesho yake. Wakamzika, wakamsomea khitima, wakalipa deni lake dukani. "Hatukuwaona ndugu zake," mama yule akasema, "tukawa sisi."

Hapa naomba ukae na jambo hili kidogo, kama nilivyokaa nalo. Sisi tuliomjua hatukuwapo. Waliomfunga kidevu na kumfumba macho walikuwa majirani, watu ambao kama ningekutana nao uwanja wa ndege ningewaita watu baki.

Nikachukua simu ya mzee nimpigie bibi. Namba yake naijua kwa moyo. Mzee akaweka kiganja juu ya simu, polepole.

"Bibi yako sasa hivi yuko na nani?"

Nikafikiri. Saa kumi na moja jioni. Msichana wa kazi huondoka saa kumi. Mjomba hufunga duka baada ya magharibi. "Peke yake."

"Basi weka simu. Habari kama hii haimkuti mtu mzima peke yake."

Sikuwa nimemwambia habari ya ile barua. Hakuna aliyemwambia.

Walilipanga pale pale barazani, watu ambao nilikuwa nimewajua nusu saa. Kwanza apigiwe mjomba dukani, na mzee ndiye atakayezungumza naye, mtu mzima kwa mtu mzima. Mjomba amchukue shangazi. Shangazi ambishie hodi jirani wa bibi. Wakae naye, wanywe chai, waswali isha pamoja. Ndipo nipige mimi. Nikauliza, kwa nini mimi? Mzee akasema, "Si ndiye wewe aliyekutuma? Mjumbe ndiye hurudisha jibu."

Kisha akanifundisha cha kusema. Usianze na kifo. Anza na salamu. Mwambie umefika salama, umepokewa, umekula. Akisikia kuwa wewe huna neno ndipo atakuwa na nafasi ya kusikia jingine. Kisha sema: bibi, mdogo wako ametangulia. Kisha nyamaza. Usijaze maneno. Akanifanya niirudie mara tatu kama mtoto wa madrasa. Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu, kazini nahutubia ukumbi mzima bila karatasi, lakini sentensi hiyo ya maneno matatu sikuwa nayo kwa lugha yoyote. Wengi wetu hatuna. Tumerithi Kiswahili cha chakula, cha kukaripiwa na cha mizaha. Cha msiba wazazi wetu walikizungumza chumbani, mlango umefungwa, kwenye simu za usiku, sisi tumelala.

Nilipiga saa mbili na nusu usiku. Nikasema kama nilivyofundishwa. Kisha nikanyamaza. Nilisikia sauti ya shangazi upande wa pili, na kitu kama kiti kinavutwa. Bibi alikaa kimya muda mrefu. Alipozungumza aliuliza jambo moja tu: "Nani alimuosha?"

Nikampa simu mke wa mzee. Walizungumza karibu saa nzima, watu wawili ambao hawajapata kuonana. Bibi alitaka kujua yote, tangu siku ya kwanza ya homa. Mimi nilikaa ukutani nikisikiliza upande mmoja. Yule mama hakuruka kitu wala hakupamba kitu.

Gesti sikuiona kamwe. Nililala kwao, kitanda kimoja na binti yao ambaye alitaka kujua kama London kweli jua linazama saa tatu usiku. Asubuhi walinipeleka makaburini. Kijana wa bajaji alikuja mwenyewe, hakuitwa. Kabla sijaondoka bibi alipiga simu kuhusu leso. "Ikate. Kipande kimoja mpe aliyemuosha. Kimoja niletee." Doti ni vipande viwili vyenye maneno sawa, ndivyo inavyouzwa, wewe mwenyewe unakata katikati. Tukaikata kwa mkasi wa cherehani wa mama yule. Cha kwake akajifunga hapo hapo.

Na mzee akanisindikiza stendi, akamtafuta dereva anayemjua, akasema lile neno. Nakukabidhi.

Niliporudi Hounslow nilimsimulia mama yote, jikoni, tukinyamaza kila ndege ikipita juu ya paa, si mnajua. Huku kwetu habari ya safari iko hewani tangu zamani: tarehe 25 Agosti 1919, kutoka Hounslow Heath, iliondoka ndege ya kwanza ya safari za kila siku za abiria kwenda nchi jirani, Paris. Mji mzima unaishi kwa kupitisha watu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha naye akanipa yake, ambayo katika miaka yote hakuwahi kunisimulia.

Alifika Heathrow 1996, koti la kuazima, sanduku moja. Aliyepaswa kumpokea hakuonekana. Alikaa kwenye benchi saa mbili, kisha akaanza kujisemea, "Ya Rabi, nifanyeje mimi." Mwanamke mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha usafi, Mpunjabi, nywele zimeshaingia mvi, akasimama. "Unafikia kwa nani, mama?"

Kwa Kiswahili. Kile cha Kisumu.

Unajua historia hii, hata kama hujaihusisha na maisha yako. Wahindi wengi wa Kenya walikuja Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini. Wa Uganda walipewa na Idi Amin siku 90 waondoke, mwaka 1972. Wengi wakatua huku magharibi mwa London, Southall na Hounslow, ndiyo maana mpaka leo kwenye basi namba 120 unaweza kuongea siri zako kwa Kiswahili na bibi wa Kihindi akageuka akakutazama. Yule mwanamke alimaliza zamu, akampandisha mama basi, akampeleka kwake Hounslow West, akampa wali na dengu, akapiga simu tatu mpaka akampata mwenyeji. Akamkabidhi mlangoni. Mama alirudi baada ya miezi kumtafuta na kitenge cha shukrani. Alikuwa amehama.

Kwa hiyo kuna deni ambalo nyumba yetu haiwezi kumlipa aliyelikopesha. Mama wa machungwa namba yake ninayo, lakini kila nikimtajia shukrani ananiuliza nimeolewa au bado. Deni la namna hii halirudi nyuma. Linakwenda mbele, kwa anayefika kesho. Na watu wanafika: wanafunzi kila Septemba, na wauguzi kutoka Kenya tangu serikali mbili zilipotiana saini 2021. Wanatua hapa hapa kwetu, dakika kumi kutoka vitandani mwetu, na wengi wetu tunawapita tumeziba masikio, tunajiambia kuingilia mambo ya mtu ni utovu wa adabu. Kwa Kiingereza labda. Wewe lakini una lugha nyingine, na hata kama umejifunza nusu yake tu, swali hili lina maneno matatu.

Mwezi uliopita, Hatton Cross, jioni ya mvua, kulikuwa na kijana chini ya paa la stendi, masanduku mawili makubwa, kila moja na karatasi ya DAR kwenye mkono wake. Alikuwa akitazama simu, anaigeuza, anaitazama tena. Nikasogea.

"Habari za safari, kaka? Unafikia kwa nani?"

Akanitazama kwanza, kana kwamba anahakikisha sauti imetoka kwangu. "Kwa shangazi, Feltham. Lakini simu yake haipatikani."

Nikashika sanduku moja, lile zito, tukapanda 285.